Komeo au Kufuli

Mpwa wangu kipenzi,

Salamu hizi zinatoka kwa mtu ambaye akishikwa na mafua tu, nusu ya mji huu inalala milango wazi. Usigune. Duka la dawa, benki ya pale kona, nyumba ya mkuu wa polisi, milango yote hiyo imetoka katika mikono hii miwili, na mwizi mmoja alipokamatwa mwaka juzi alikiri mbele ya umati kwamba akikuta mlango wenye alama yangu huupungia mkono na kwenda zake. Basi mtu mzito kama huyo ndiye anayekujulia hali leo. Hujambo, mama? Mumeo hajambo? Na binti yako, Chiriku wetu, bado anaongea mpaka usingizini? Mwambie babu yake anamsalimu, na amwekee akiba ya maneno, asiyamalize yote kabla hatujaonana.

Sisi huku tunaendelea. Mkazamjomba wako yuko kwenye cherehani yake ya miguu, goti linamsumbua lakini ulimi mzima kabisa. Mimi kazi zipo, vyuma vimepanda bei, wateja nao wamekuwa hodari wa kusema watapita kesho.

Utashangaa kupata barua wakati simu tunazo. Aliyenikataza simu ni mama yako. Alisema nikuandikie, maana nikikupigia nitakuchekesha. Na kweli, Jumapili nilikupigia nikiwa na jambo moja tu kifuani, nikaishia kukusimulia nilivyobeba geti la chuma peke yangu kutoka barabarani mpaka ndani. (Tulilibeba watu sita, na mmoja wao alikuwa mwenye nyumba.) Nikikusikia unacheka tu, maneno yangu yanavaa suti, na lile lililonileta linabaki nje limesimama bila viatu. Karatasi haicheki.

Sasa kaa chini. Kama Chiriku yuko karibu, mtume dukani.

Nilikuambia dada yangu anaumwa tumbo. Baadaye nikakuambia ni mambo ya kinamama, yatapita. Mpwa wangu, mama yako ana saratani ya mlango wa kizazi. Nimekaa na kalamu muda mrefu kabla ya kuandika sentensi hiyo, na sasa nimeiandika, tuendelee.

Ilianza na vitambaa. Mkazamjomba wako ana kapu la vipande vinavyobaki akishona, akaona kapu linapungua. Kwanza akadhani ni panya. Kisha akagundua kwamba vinavyokwenda ni vile vya rangi nzito tu, vyeusi na vya damu ya mzee, akajiuliza panya gani huyu anayechagua rangi. Kumbe ni mama yako. Alikuja kwetu kupumzika, kama unavyojua, na huku anatokwa na damu, yeye aliyeagana na mambo ya mwezi miaka mingi iliyopita. Akawa anajisitiri kwa vile vipande na kuvifua kabla hatujaamka, ili asitusumbue. Unamjua mama yako. Nyumba ikiungua, atauliza kwanza kama wazima moto wamekunywa chai.

Mkazamjomba wako hakuuliza mara mbili. Asubuhi ile ile tulikwenda hospitali watatu, yeye, mama yako na mimi, maana nilisema lazima niende, wale madaktari wananifahamu. Hakuna aliyenifahamu. Tulikaa kwenye benchi refu chini ya feni iliyokuwa ikigeuza shingo huku na huku kama mama mkwe anayekataa posa. Kisha tukaitwa na muuguzi mmoja mnene, miwani yake imefungwa shingoni kwa kamba ya kiatu, mtu wa kucheka lakini wa maswali. Akamuuliza mama yako amezaa mara ngapi, damu ilianza lini, kama ana maumivu ya mgongo. Halafu akamuuliza kama amewahi hata siku moja kupimwa mlango wa kizazi. Mama yako akasema hapana. Muuguzi akauliza kwa nini, na kipimo kipo, wala hakichukui muda. Mama yako akatabasamu kidogo, akamwambia, mlango usiolia hautiwi mafuta.

Muuguzi alicheka, akasema huo msemo hajawahi kuusikia, ni wa nani. Mpwa wangu, unajua ni wa nani. Nyumba nzima inajua ni wa nani. Mimi nilikuwa nimekaa pale pale, magoti yangu yanagusa meza, nikaanza kukagua mshono wa kiatu changu. Mkazamjomba wako akakohoa. Na mama yako, bila kugeuka upande wangu, akaangalia ukuta akasema, aa, ni maneno ya kwetu tu, ya zamani.

Ya zamani! Nimeyatunga mwenyewe, nikitafuna bisi sebuleni kwangu.

Vipimo vilichukua muda, vikarudi, na daktari akatueleza polepole. Uvimbe umeshatoka pale ulipoanzia, umeenea pembeni, kwa hiyo si wa kukata tena. Atapigwa mionzi pamoja na dawa za mishipani. Daktari hakutuahidi kitu wala hakututisha. Alisema wapo wanaopona hata wakiwa katika hatua hiyo, na wapo ambao tiba inawaongezea muda. Mama yako ameshaanza. Analala kitanda cha dirishani, anakula uji na nusu ya chungwa, anasema mashine ile inavuma kama grinda yangu ya kukatia vyuma lakini ina adabu zaidi. Amechoka, mpwa wangu. Mikono imekuwa myepesi. Ukiweza kuja, njoo, ila usije kabla hujafanya nitakalokuomba huko mbele.

Maana siku hiyo muuguzi alitueleza mengine, na mimi ambaye kwa kawaida mtu hamalizi sentensi mbele yangu, nilisikiliza. Alisema ugonjwa huu unaletwa na kirusi ambacho karibu kila mtu aliyewahi kuwa na mwenzi hukutana nacho. Si alama ya tabia mbaya wala si laana. Wengi mwili unakifukuza wenyewe. Kwa wachache kinabaki, kinakaa kimya miaka na miaka, kinabadilisha pale mlangoni kidogo kidogo. Huumwi, hutoki damu, husikii kitu. Lakini ukipimwa miaka hiyo ya kimya, wanapaona. Wanachukua ute kwa kijiti laini, au wanapangusa kwa siki na pale palipoharibika panageuka peupe, basi wanapatibu papo hapo, unarudi nyumbani ukiwa na miguu yako. Damu ikianza kutoka yenyewe, akasema, mara nyingi tumechelewa.

Nikafikiri: ala, si kutu hiyo? Mimi nimekula mkate wa milango miaka thelathini. Mlango unaolia ni mlango mzima, unaomba mafuta tu. Wa kuogopa ni ule ulionyamaza. Kutu imeingia chini ya rangi, rangi inang'aa, mwenye nyumba anausifu kwa wageni, mpaka siku anavuta mkono na bawaba inabaki kiganjani. Kwa mteja yeyote ninagonga fremu kwa kidole kabla ya kupaka rangi, nasikiliza kama imeoza ndani. Kwa mteja. Hata yule asiyelipa. Kwa dada yangu aliyenifundisha kuvaa viatu, nilitunga msemo.

Sasa turudi kwenye siku ile, kwa sababu ulikuwepo, lakini hukuiona nilivyoiona mimi.

Mlikuja likizo, Chiriku akiwa na miaka kumi. Tumekaa sebuleni kwangu, mvua nje, mumeo akatoa simu akasoma ujumbe kutoka shuleni kwamba wasichana watachanjwa, na akina mama wa kuanzia miaka thelathini wanahimizwa kupimwa. Mumeo ni karani, ana sauti ya karani, anasema pole pole na kila neno lina kitako. Akaeleza kirusi, akaeleza chanjo, akaeleza kwa nini inatolewa mapema kabla msichana hajaanza mambo ya wakubwa. Mama yako aliinuka akazima redio ili amsikie vizuri. Redio hiyo, mpwa wangu, nimeinunua mimi, na tangu iingie nyumbani haijazimwa hata mara moja kwa ajili yangu.

Basi nikakohoa. Nikasema ngojeni kwanza, nyie watoto, hayo ya kwenye simu mimi nimeyasikia kwa mwenyewe. Nikawaambia daktari mkuu wa hospitali aliniita nimtengenezee mlango wa ofisi, mlango wa kukinga risasi, na nilipomaliza akanimiminia chai kwa mkono wake, akafunga dirisha, akaninong'oneza: Injinia, wewe ni mtu wa milango nitakuambia ukweli, hiyo sindano inafunga mlango wa kizazi, msichana hatazaa. Nami nikamtazama usoni nikamuuliza: Mheshimiwa, inafunga kwa komeo au kwa kufuli?

Unakumbuka kicheko kile. Mama yako alilia machozi, akawa anajipigapiga paja. Wewe ulimwaga chai. Mumeo alijaribu kusema neno, nikamuuliza, komeo au kufuli, mkwe? Akaanza tena, watu wote kwa pamoja: komeo au kufuli! Akatabasamu, akarudisha simu mfukoni. Mama yako akauliza, na hicho kipimo je? Ndipo nikamjibu kwa ule msemo, mlango usiolia hautiwi mafuta, na ukawa wa nyumba. Mliporudi kwenu mkaiandikia shule hapana. Kila mwaka walipouliza, hapana. Majirani nao wakawa wananiuliza habari za daktari mkuu, na kila nikisimulia chai yake inazidi sukari.

Tulipotoka hospitali na majibu, kesho yake mkazamjomba wako alisimamisha cherehani. Ukisikia cherehani ile imesimama mchana ujue kuna jambo. Akaniambia kwamba yeye alipimwa. Wiki mbili tu baada ya siku ile ya kicheko, aliniaga anapeleka nguo kwa mteja, akaenda zahanati. Wakaona weupe, wakapagandisha kwa baridi kali, akarudi akapika. Tangu hapo amerudi kupimwa walipomwambia arudi, na yu salama. Nakumbuka siku ile nilimlalamikia chakula kimechelewa.

Nikamuuliza kwa nini alinificha. Akasema angeniambia ningeifanya hadithi. Nikamuuliza kwa nini hakuniamini, na daktari mkuu mwenyewe alisema. Akanitazama kwa huruma, huruma mbaya ile ya mtu anayekupenda, akaniambia: Baba, miaka yote hii nimelala na wewe kitanda kimoja, ukisema "mwenyewe aliniambia" mimi najua hakuna mwenyewe.

Nilidhani hapo amemaliza. Akasema alimwambia pia wifi yake. Alimshika mkono mama yako akamwambia, twende wote, mimi nimekwenda na hakuumi. Mama yako akakataa kwa upole. Akasema, mdogo wangu anapenda kuongeza chumvi, lakini hawezi kunidanganya katika jambo la mwili wangu.

Umeona, mpwa wangu? Asiyeniamini amepona. Aliyeniamini ndiye yuko kitanda cha dirishani.

Basi jambo lililonileta ni hili, nalisema bila suti. Hakuna daktari mkuu. Hakuna chai, hakuna mlango wa risasi. Pale hospitali niliwahi kutengeneza mlango wa stoo ya mifagio, na aliyeniongelesha ni mlinzi, aliniambia nisiegemeze baiskeli pale. Mzaha ndio ulionijia kwanza. Mumeo alipotamka "mlango wa kizazi", mimi nikasikia mlango, komeo na kufuli vikanijia mdomoni, vitamu, nikaona haya kuviacha. Daktari nikamchonga baadaye, kama mtu aliyeokota komeo zuri akalitafutia mlango. Muuguzi nilimuuliza kwa mdomo wangu kama chanjo inazuia kuzaa. Alisema hapana, haigusi uzazi hata kidogo, mkono unauma siku moja mbili, labda homa ndogo, basi. Na akasema hata aliyechanjwa, akifika umri wake bado apimwe, maana chanjo inakinga aina zile mbaya zaidi za kirusi, haikingi zote.

Jumapili kwenye simu ulinitajia kwamba wauguzi wanarudi shuleni kabla ya kufunga, na kwamba mmeshawajibu kama kawaida, na ukacheka ukanirudishia mwenyewe: komeo au kufuli, Mjomba? Nami nikacheka. Nisamehe kwa kicheko hicho kuliko vyote vya nyuma, maana siku hiyo nilikuwa najua. Nilikata simu nikakaa kwenye ngazi. Chiriku ana miaka kumi na minne. Akitimiza kumi na tano, jina lake halimo tena katika chanjo za shule, na mimi ndiye niliyemlia miaka minne.

Nikaenda kwa mama yako. Nilikuwa nimejipanga na utangulizi mrefu, nikafungua mdomo, likatoka jambo lenyewe tupu: Dada, yule daktari sikumwona. Nje ya dirisha kulikuwa na mtu anafua mashuka, sauti ya maji tu. Nikangoja anitukane, nilitamani anitukane. Akasema, siku ile ulituchekesha sana. Halafu akaniomba nimgeuzie mto. Nilipokuwa nimegeuza ndipo akaniambia nikuandikie, na akaniagiza maneno mawili, nayaweka kama alivyoyasema: Chiriku achanjwe. Wewe upimwe. Hakuongeza la tatu, akalala.

Kwa hiyo, mama, ukimaliza kusoma, usinipigie kwanza. Nenda shuleni ukawaambie ndiyo. Kama wauguzi wameshapita, nenda zahanati na mtoto mkononi, ulizia, usikubali kurudishwa mlangoni. Kisha siku hiyo hiyo au kesho yake nenda ukapimwe wewe, umeshavuka thelathini na huna kinachouma, na hapo ndipo pa kwenda. Chiriku akiuliza kwa nini tumebadili neno, mwambie babu yake alikosea. Atakuwa na maneno elfu juu ya hilo, mwache aseme.

Na mumeo mpe barua hii aisome mwenyewe, kwa ile sauti yake. Mwambie mkwe, ulikuwa na kweli mkononi na mimi nikakupokonya kwa kicheko, katika nyumba yangu, mbele ya mkeo. Akija, redio nitaizima mimi.

Mkazamjomba wako anakusalimu, anasema amemshonea Chiriku gauni na ameacha pindo refu maana watoto wa siku hizi wanarefuka wakiangaliwa. Mama yako anakusalimu, anauliza umekula nini. Salimu majirani zako wote, wale wanaoniamini waambie wasiniamini, na wenye mabinti wasomee ukurasa huu. Mungu akuweke, na akutunzie uliye naye.

Ni mimi mjomba wako.

Nimesahau jambo dogo. Huenda mkazamjomba wako akakueleza kwamba siku ile aliyosimamisha cherehani nilikwenda karakanani nikarudi jioni macho mekundu, yamevimba, nikasema ni mwanga wa kuchomelea. Majirani nao niliwaambia hivyo hivyo, mmoja akaniletea dawa ya matone na nikatia, machoni, mbele yake, mara mbili. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi.